Maswali na Majibu: Ujira wa Kibarua katika Torati na Injili

Msimu wa karafuu ukianza, barua zinazotufikia huacha ndoa na mirathi zikahamia kwenye malipo. Safari hii wasomaji kadhaa wameuliza vitabu vya Mayahudi na Wakristo vinasemaje juu ya ujira, kwani katika shamba moja anachuma Muislamu wa Kojani na Mkristo aliyevuka kutoka bara, na wote wawili wanamngoja tajiri mmoja. Tumejibu kwa kufuata Torati, yaani vitabu vitano vya Musa. Mishna, ambayo ni mkusanyo wa sheria za marabi, yaani wanazuoni wa Kiyahudi, uliokamilika karibu na mwaka 200. Talmudi ya Babeli inayoichambua hiyo Mishna. Na Agano Jipya. Barua tumezifupisha.

Assalaam alaykum. Nina mikarafuu, na wachumaji wangu nawalipa nikishauza kituoni. Hadithi ya kumlipa mwajiriwa kabla jasho lake halijakauka tunaijua. Je, Torati na Injili nazo zina muda maalumu, au zinasema tu watu walipwe kwa haki? (Mwenye shamba, Wete)

Waalaykum salaam. Muda upo, tena umepimwa kwa jua. Walawi 19:13 inakataza ujira wa mwajiriwa kulala kwako mpaka asubuhi. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inaamuru alipwe siku yake ile ile kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na roho yake iko kwenye ujira huo, asije akamlilia Mungu juu yako. Mstari huo unawataja wote wawili, ndugu yako na mgeni anayekaa nchini mwako. Kwa hiyo aliyetoka Tanga kuja kuchuma Pemba hana daraja ya chini.

Ukiisoma mistari hii miwili kwa haraka utaona kama inapingana, mmoja unaweka ukomo alfajiri na mwengine magharibi. Mishna, katika sehemu iitwayo Bava Metzia, 9:11, imeipatanisha hivi. Kibarua wa mchana kazi yake inakwisha jua likizama, basi anadai usiku kucha, na alfajiri ikimkuta tajiri hajalipa, amevunja amri. Kibarua wa usiku, mfano mlinzi, anadai mchana kutwa, na ukomo wake ni magharibi. Aliyeajiriwa kwa wiki, mwezi au mwaka, saa inaanza kuhesabiwa siku muda wake unapokwisha: akimaliza mchana, alipwe kabla ya magharibi ya siku hiyo, akimaliza usiku, ana usiku huo na mchana unaofuata. Kifungu kinachofuata, 9:12, kinaongeza jambo ambalo wengi hawalitarajii: hukumu ni hiyo hiyo kwa kodi ya mnyama na ya chombo. Aliyekukodisha gari la ng'ombe kubeba mapolo yako ana haki ya kulipwa kwa saa ile ile ya mchumaji.

Talmudi, ukurasa wa 112a wa Bava Metzia, inaeleza kwa nini amri ni kali hivyo. Inauliza: mtu huyu kwa nini alipanda juu, akaning'inia mtini, akajitia katika hatari ya kufa? Si kwa ajili ya ujira wake? Ndiyo maana wakasema anayemzuilia kibarua ujira ni kama aliyemtoa roho. Waliosema hayo hawakuwahi kuuona mkarafuu, lakini mtu wa Wete hahitaji kuelezwa. Tawi la mkarafuu ni kavu kwa tabia, likivunjika halitoi onyo, na mchumaji yuko juu na kamba yake, mkono mmoja umeshika tawi na mwengine unavuta vikonyo.

Sasa hilo la kulipa baada ya kuuza. Talmudi hiyo hiyo, ukurasa wa 111a, inazungumzia matajiri wa mji wa Sura waliokuwa wakitegemea siku ya soko ili wapate fedha. Ikahukumu kwamba hawajavunja amri ya kulaza ujira, kwa sababu vibarua wao walijua tangu mwanzo kuwa malipo yanangoja soko. Lakini siku ya soko ikishapita na bado wanachelewesha, hapo wamekosa, na kosa hilo linafungwa na Mithali 3:28, mstari unaokataza kumwambia mwenzio aende arudi kesho ilhali unacho.

Kwa hiyo utaratibu wako unafaa kwa masharti. La kwanza, mchumaji aambiwe kabla hajapanda, si jioni akiwa ameshateremka na pakacha lake. La pili, pishi zake zipimwe na kuandikwa mbele yake siku ile ile, kabla karafuu zake hazijachanganywa na za wenzake jamvini. Karafuu mbichi ikishakauka imepoteza karibu theluthi mbili ya uzito, na hakuna awezaye tena kusema ipi ilikuwa ya nani. Ugomvi mwingi wa mwisho wa msimu unazaliwa hapo. La tatu, siku ya kuuza isisogezwe kwa hiari yako. Jua likiwa zuri karafuu hukauka kwa siku nne au tano, mvua ikiingilia ni zaidi, na hilo mchumaji analielewa. Asichokubaliana nacho ni mapolo makavu kukaa ndani wiki tatu kwa sababu wewe una shughuli nyengine, au fedha za kituoni kupitia kwanza dukani kulipa deni la mabati. Karafuu mbichi huilazi kwenye polo kwa kuwa unajua itapata joto iharibike. Ujira nao uuone hivyo.

Kuna mambo mawili yanayomlegezea tajiri, na ni haki tuyataje. Asiyekuwa na fedha kabisa usiku ule hahesabiwi kuwa amevunja amri ya kulaza ujira. Pia kibarua asipodai, tajiri hana kosa. Hili la pili tunaomba lisitumiwe vibaya. Vijana wengi wa kwetu wanaona haya kumdai mtu mzima, hasa akiwa ni ami au jirani wa baba. Kumwacha mtu na haya zake ili ukae na fedha yake si kufuata sheria.

Upande wa Injili, mwenye shamba wa Mathayo 20 analipa jioni ile ile, na Waraka wa Yakobo 5:4 unasema ujira wa wavunaji uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele wenyewe mbele ya Mungu. Wasomaji wenye Biblia ya Kikatoliki watazame pia Tobiti 4:14, agizo la baba kwa mwanawe asilaze ujira wa mtu, na Yoshua bin Sira sura ya 34, isemayo kumnyima mwajiriwa ujira ni kumwaga damu.

Tuliitwa na nokoa, yaani msimamizi wa shamba, tukachuma siku tisa. Mwenye shamba anasema fedha kampa nokoa, nokoa anasema hajapewa. Tumdai nani? (Wachumaji wanne, Mtambile)

Swali hili limo katika Talmudi karibu kama mlivyoliuliza (Bava Metzia 110b-111a). Mtu anamtuma mwenziwe amwajirie vibarua, kisha hawalipwi kwa wakati. Nani amevunja amri? Jibu la kwanza linashtua: hakuna, kwani mwenye shamba hakuwaajiri kwa kinywa chake, na aliyewaajiri shamba si lake. Wanazuoni hawakuishia hapo. Wakatenganisha maneno aliyoyasema wakala siku ya kuajiri. Akisema "malipo yenu yako kwangu", mdaiwa ni yeye. Akisema "malipo yenu yako kwa mwenye shamba", anadaiwa mwenye shamba.

Kwa hiyo kaeni mkumbuke: nokoa alisemaje siku ile, na nani alisikia? Mashahidi wawili wanatosha kulimaliza jambo. Kwa msimu ujao muulizeni kabla ya kupanda, "Anayetulipa ni nani, na siku gani?" Mishna 9:12 inasema pia kwamba tajiri akiwahawilisha kwa mwenye duka au mbadili fedha, yaani akasema "nendeni kwa fulani atawalipa", naye fulani akakubali na nyinyi mkakubali, tajiri ameondoka kwenye kosa la kuchelewesha. Msikubali kuhawilishwa kwa mtu ambaye hamjamsikia mwenyewe akikubali.

Na kama shauri limekwama, msingoje msimu wa pili. Sheria ya Ajira ya Zanzibar Na. 11 ya mwaka 2005 inawahusu, na Kamisheni ya Kazi inapokea malalamiko. Nendeni wanne pamoja na karatasi ya pishi zenu, au hata daftari la skuli mliloandikia.

Hamali anaposhusha mzigo ukavunjika, je, vitabu hivyo vinaruhusu akatwe? Juzi kreti la vigae lilianguka, mwenye mali akakata siku nzima ya watu watano. (Hamali, Malindi)

Tuanze na kisa kilichomo Talmudini, Bava Metzia 83a, kwani ni cha mahamali wenzenu. Mwanachuoni mmoja wa Babeli aliwaajiri wachukuzi, wakamvunjia pipa la mvinyo. Akachukua joho zao. Wakaenda kumshitakia Rav, mwanachuoni mkubwa wa karne ya 3, naye akamwambia awarudishie. "Ndiyo sheria hiyo?" Rav akajibu ndiyo, akamsomea Mithali 2:20, mwanzo wa mstari, unaosema uende katika njia ya watu wema. Akarudisha. Wachukuzi wakasema: sisi maskini, tumefanya kazi kutwa, tuna njaa, na hatuna kitu. Rav akamwambia awape na ujira wao. "Ndiyo sheria hiyo?" Ndiyo, akamalizia mstari ule ule: na kuyashika mapito ya wenye haki.

Kisa hiki hakisemi kwamba kila kinachovunjika hakilipwi. Mwenye mali alikuwa mtu wa elimu, na Rav alimpima kwa kipimo cha juu kuliko cha mtu wa kawaida. Sheria ya kawaida iko Kutoka 22:7-15 na Mishna 7:8, nayo inawagawa walioshika mali ya mtu mafungu manne. Anayelinda bure halipi chochote, ila anaapa kuwa hakuzembea. Aliyeazima chombo hulipa karibu kila kitu. Anayelinda kwa ujira, na aliyekodi, wanalipa kilichopotea au kuibiwa, lakini kilichovunjika kwa ajali, wanaapa kuwa hawakuzembea na wanaachwa. Hamali anapokea ujira, basi yuko fungu hili.

Kwa hiyo suala ni uzembe. Mliambiwa mtumie kamba mkakataa? Mlikimbizana? Au kreti lilikuwa bovu, ngazi imelowa, na mwenye mali mwenyewe anahimiza mumalize kabla maji hayajapwa? Hilo la mwisho likithibiti, hasara ni yake. Na hata pale uzembe unapokuwepo, hatuoni mahali katika maandiko haya panaporuhusu tajiri kuwa mdai, shahidi na hakimu kwa mkono mmoja, akakata siku ya watu watano kwa kosa la mmoja. Yakobo mwana wa Isaka, ambaye ndiye Nabii Yaakub, alimlalamikia mkwewe Labani kwa jambo la aina hii (Mwanzo 31:39): mnyama aliyeraruliwa na wanyama wa mwitu alitozwa yeye, aliyeibiwa mchana alitozwa, aliyeibiwa usiku alitozwa. Kuraruliwa, kwa kanuni ya Kutoka, mchungaji hatozwi. Labani alikuwa anakusanya asichostahili.

Mimi ni kijana, namsaidia fundi wa ujenzi. Mwenye nyumba anasema alinilipa, mimi sijalipwa. Hatukuandikiana. Halafu anasema tulipatana nusu ya ninayoidai. (Jang'ombe)

Hapo yamo madai mawili na kila moja lina njia yake.

La kwanza: kalipa au hajalipa? Katika sheria ya marabi, anayedai fedha ndiye wa kuleta ushahidi, lakini kwa kibarua wamegeuza. Kibarua akidai ndani ya muda wake, yaani kabla ukomo tuliouelezea mwanzo haujapita, anaapa na kuchukua. Sababu inayotolewa Talmudini (112b) ni ya mtu aliyewahi kusimamia kazi: tajiri ana vibarua wengi, kichwa kimejaa, huyu kampa, yule hajampa, anaweza kudhani amelipa. Kibarua ana ujira mmoja tu wa kukumbuka. Muda ukipita nafuu hiyo inaondoka, isipokuwa awe na mashahidi kuwa alidai kwa wakati. Basi kunyamaza mwezi mzima ukingoja "atakumbuka mwenyewe" kunakupunguzia nguvu. Dai siku ile ile, kwa adabu, mbele ya mtu.

La pili: mlipatana kiasi gani? Hapa nafuu haipo. Tajiri anaweza kusahau kama amelipa, ila bei aliyopatana anaikumbuka, kwa hiyo anayedai zaidi alete ushahidi. Bei isemwe mbele ya mtu wa tatu, au itumwe kwa ujumbe wa simu hata wa maneno matano, kabla koleo halijaingia kwenye zege.

Kwa mwenye nyumba tunamwekea mstari mmoja, maana unahusu nyumba hasa. Yeremia 22:13 inamtangazia ole ajengaye nyumba yake kwa dhuluma, akamtumikisha mwenziwe asimpe ujira. Aliyekuwa akiambiwa ni Yehoyakimu, mfalme wa Yuda, aliyekuwa akijenga jumba kubwa lenye vyumba vya hewa na mbao za mierezi. Nabii hakumkosoa kwa ukubwa wa jumba peke yake. Alimkosoa kwa watu waliolijenga.

Shikamooni. Nina msichana wa kazi. Amechukua mkopo kwangu, nikamwambia kitambulisho chake kikae kwangu mpaka amalize. Mume wangu anasema si vizuri. Pia naomba kujua siku ya mapumziko inasemwaje. (Mama wa Mbweni)

Marahaba, mama. Mume wako kasema kweli. Rehani inaruhusiwa, lakini imewekewa mipaka mingi mpaka inakuwa nyepesi sana. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kushika jiwe la kusagia, kwa sababu anayelishika ameshika uhai wa mtu: bila jiwe hasagi, na bila kusaga hali. Mstari wa 10 unamkataza mdai kuingia ndani ya nyumba ya mdaiwa kujichukulia rehani. Asimame nje, aletewe. Nguo ya kujifunika ya maskini irudishwe jua likichwa (24:13, na Kutoka 22:26-27). Mishna 9:13 ikamaliza kwa kusema rehani ichukuliwe kwa njia ya hakimu tu, mto wa kulalia urudishwe usiku, na jembe lirudishwe mchana.

Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ni jiwe la kusagia la leo. Bila hicho msichana anakwama hospitali, kwenye laini ya simu, hata kwenye tiketi ya boti akitaka kwenda kumzika mzee wake Pemba. Mrudishie leo. Mkopo wake uandikeni: kiasi, na kila mwezi anakatwa ngapi. Kiwango cha makato kiwe kile kinachomwachia cha kutuma kwao.

Mapumziko yamo katika Amri Kumi zenyewe. Kumbukumbu la Torati 5:14 inasema mtumwa na mjakazi wapumzike kama wewe unavyopumzika. Kutoka 23:12 inawaongeza mwana wa mjakazi na mgeni. Kwa Mayahudi siku ni Jumamosi, Wakristo wengi wanashika Jumapili, na msichana wako huenda siku yake ni Ijumaa. Lililo la lazima ni mapumziko yasiwe ya jina. Mapumziko ambayo anaamka saa kumi na moja kuwapikia chai watoto, akapumzika baina ya Adhuhuri na Alasiri, kisha akaosha vyombo vya usiku, hayo siyo. Isaya 58:3 inawakaripia watu wanaofunga na siku hiyo hiyo wanawakandamiza wafanyakazi wao. Mwezi wa Ramadhani kazi ya jikoni inaongezeka mara mbili, kwa hiyo mstari huo unafaa kusomwa na mwenye nyumba wa dini yoyote.

Siku atakapoondoka, Kumbukumbu la Torati 15:13-14 inakataza kumwachia mtumwa wa Kiebrania aliyemaliza miaka sita aende mikono mitupu. Apewe katika kondoo, nafaka na mvinyo. Amri ilikuwa kwa mtumwa, lakini wanazuoni wa baadaye wakahimiza jambo hilo kwa mwajiriwa pia.

Vibarua wakivuna machungwa yangu wanakula sana. Naweza kuwakataza? (Machui)

Kwa Torati, huwezi. Kumbukumbu la Torati 23:24 inaruhusu kula zabibu shambani mpaka ushibe, lakini usitie chomboni, na Mishna sura ya 7 imeuelewa mstari huo kuwa ni wa vibarua. Hata ng'ombe anayepura nafaka amekatazwa kufungwa kinywa (25:4), mstari ambao Paulo aliutumia katika 1 Wakorintho 9:9.

Mipaka yake ni hii. Anakula anayevuna, si anayepalilia, kwani kupalilia si kazi ya kumaliza zao. Anakula pale pale. Mkewe na watoto hawaingii, na mfukoni haiingii. Aliyeajiriwa kuvuna matunda ya aina moja hali ya aina nyengine. Kwa asili kula kunaruhusiwa wakati kazi inaendelea, lakini marabi wakaona ale anapohama kutoka safu hadi safu, ili muda wa mwenye shamba usipotee. Mlinzi wa matunda anakula kwa desturi ya mji tu, si kwa haki ya Torati. Na mchumaji je, anaweza kula kuliko ujira wake? Rabi Elazari Hisma alikataa. Wengi wakaruhusu, lakini wakamshauri kibarua asiwe mlafi mpaka akajifungia mlango wa kazi ya kesho.

Chakula cha mchana ni suala jengine, nalo linafuata desturi ya mahali (Mishna 7:1). Kwenu mkiwa mnapika, pika. Saa za kuanza na kumaliza nazo ni za desturi, huwezi kuwaamsha alfajiri kwa sababu umelipa zaidi bila kusema kabla.

Naomba ufafanuzi wa Mathayo 20. Aliyefanya kazi kutwa na aliyefanya saa moja walilipwa sawa. Vijana wangu wa darasa la Jumapili wanasema hiyo ni dhuluma. (Mwalimu, Mkunazini)

Vijana wako wanauliza vizuri, usiwanyamazishe. Wasome tena patano la kila kundi. Wa alfajiri walipatana dinari moja kwa siku, kiwango cha kawaida cha kibarua. Wa saa tatu waliambiwa watapewa iliyo haki, hakuna bei iliyotajwa; wa saa sita na saa tisa vivyo hivyo. Wa saa kumi na moja walikuwa bado wamesimama sokoni kwa sababu hakuna aliyewaajiri. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kubadilisha saa, zinahesabiwa kama zetu tangu kucha.

Jioni msimamizi akaambiwa aanze na wa mwisho. Wa alfajiri wakapata dinari yao kamili, siku ile ile, kama Torati ilivyotaka. Hakuna kilichopungua. Walichokilalamikia ni wema aliofanyiwa mwengine. Na dinari ni riziki ya nyumba kwa siku. Aliyekaa sokoni mpaka jioni watoto wake wana njaa ile ile.

Onyo moja, kwani tumeliona likitumika: mfano huu haumpi tajiri ruhusa ya kuacha bei bila kutaja kisha akalipa anachotaka. Mwenye shamba wa Mathayo aliacha bei wazi akalipa juu. Labani naye aliibadilisha akashusha, na Yakobo anasema ilikuwa mara kumi (Mwanzo 31:41). Asiyejiamini kuwa atakuwa kama wa kwanza, ataje bei.

Mhubiri alisoma Wakolosai 3:22, watumwa watiini mabwana zenu, akawaambia wafanyakazi wa hoteli wasidai nyongeza. Ni sahihi? (Kiwengwa)

Hapana. Asome mistari minne zaidi mpaka 4:1, panapowaamuru mabwana watoe yaliyo ya haki na adili wakijua nao wana Bwana mbinguni. Warumi 4:4 inasema ujira wa mfanya kazi hauhesabiwi kuwa hisani, ni deni. Na mhubiri wa Unguja aukumbuke mji wake. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, kanisa likajengwa juu ya kiwanja hicho, na utumwa wenyewe ukafutwa kwa sheria mwaka 1897. Mfanyakazi wa hoteli si mtumwa wa mtu.

Hata 2 Wathesalonike 3:10, asiyetaka kufanya kazi asile, inamhusu asiyetaka. Haimhusu anayefanya kazi na kulipwa kidogo.

Na kibarua hana wajibu? (Mkoani)

Anao. Musa bin Maimun, mwanachuoni na tabibu wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, ameandika kwamba kibarua asipoteze muda kidogo hapa na kidogo kule mpaka siku imekwisha, bali atumike kwa nguvu zake zote, kama Yakobo alivyomtumikia Labani. Asifanye kazi yake usiku kucha kisha akajiajiri mchana akiwa hoi. Asijinyime chakula akawapelekea watoto, kwani anampunguzia tajiri nguvu alizozinunua. Ibada nayo imezingatiwa: Mishna Berakhot 2:4 inawaruhusu mafundi kusoma shahada yao ya imani wakiwa juu ya mti au juu ya ukuta wanaoujenga, bila kuteremka. Upande wa pili, kibarua anaweza kuacha kazi hata katikati ya siku (Bava Metzia 10a), kwa sababu yeye ni mja wa Mungu na si wa mwanadamu.

Miaka miwili iliyopita niliwakana wachumaji watatu, nikaapa nimewalipa. Si kweli. Wamesharudi kwao. Nifanyeje? (Msomaji, Micheweni)

Walawi 6:1-5 imemtaja mtu wa hali yako: aliyemdhulumu mwenziwe, akaapa uongo, kisha akakiri. Arudishe mali yote, aongeze sehemu ya tano, na amkabidhi mwenyewe. Kwa kuisoma wazi wazi, kwa kila 60,000 unaongeza 12,000. Marabi wanahesabu kwa ukali zaidi: nyongeza iwe ya tano ya jumla, yaani 15,000, jumla 75,000. Zakayo katika Luka 19:8 alijitolea mara nne.

Mishna Bava Kamma 9:5 inasema mtu huyu ampelekee mwenye haki hata kama yuko Umedi, nchi ya mbali mno kwa msafiri wa wakati ule, na asimpe mtoto wake wala mjumbe wake, ila mjumbe wa mahakama. Mwenye haki akiwa amefariki, wapewe warithi.

Leo Umedi yako iko kwenye simu. Anza na nokoa aliyewaleta, upate namba. Piga kwanza, uzungumze na kila mmoja kwa sauti yake, umwambie deni ni la msimu gani na pishi ngapi, usije ukamtumia mtu mwengine mwenye jina hilo. Kisha tuma kiasi kamili pamoja na makato ya kutuma na ya kutolea, ili kinachofika mkononi mwake kisipungue deni. Asiyepatikana, sheha wa shehia aliyokuwa akilala msimu ule huenda anawajua ndugu zake. Ujumbe wa kuthibitisha malipo usiufute.